Magunia Hayatoki Sebuleni Mpaka Irene Aolewe

Kwa Mzee Theodory,
Nangwa, Hanang,
Manyara.
8 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Felician,

Marahaba. Najua ungeniamkia kwanza, kwa hiyo nimeitikia mapema tusipoteze muda. Habari za Mtwara? Habari za kazi na hilo joto lenu? Hilda hajambo? Mgongo wake umepata nafuu? Na bibi harusi wetu Irene, anakula vizuri au ameshaanza kujinyima ili gauni limwingie? Mwambie shangazi yake amesema ale.

Sisi hapa tupo. Nikisema wazima kabisa nitakuwa natia chumvi. Baba anakula, analala, na asubuhi upepo wa mlimani ukitulia anatoka kuota jua. Mimi magoti yananisumbua, na tangu mavuno yaanze sijamaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Mahindi tumepata, Mungu asifiwe. Mbaazi bado ziko shambani. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Kwa ufupi tunasukuma siku.

Utashangaa kupata karatasi wakati una simu mbili. Sababu ipo, nitakueleza nikifika huko. Kwanza nimalizane na habari ya sabufa yako.

Asante. Nilikushukuru ilipofika na sasa nakushukuru tena, maana yanayofuata si ya shukrani. Uliniambia, "Dada, sasa Baba atatusikia kama tuko hapo sebuleni." Nikaamini. Nikaipokea stendi ya Katesh, nikaipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga, na ule upepo wote wa njiani ukinipiga usoni.

Tuliipanga kwa heshima. Lile boksi kubwa tukaliweka kwenye kona, pembeni ya kabati. Zile spika mbili ndogo, jirani yangu Judica, yule mwalimu wa kwaya, alisema zipandishwe juu karibu na dari kama za kigangoni, nasi tukazipandisha. Halafu nikazivisha vitambaa. Nilivifuma mwenyewe masika yote, vyenye maua ya waridi, kimoja kimoja kwa kila spika na kikubwa cha boksi. Vumbi la Nangwa unalijua, na unajua pia kwamba kwetu kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Hata redio ya Baba ya zamani ilivaa kitambaa mpaka ikafa.

Sasa ile siku ya kumvisha Irene pete. Ninyi mlikuwa wengi huko, nasi huku tulikuwa tumevaa. Baba alitaka koti lake na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi akisubiri simu. Nakukumbusha, kwa sababu umekaa pwani muda mrefu, kwamba slufay, dua ya baraka ya lugha yetu, haiendi peke yake. Mzee anasema mstari wa baraka, wanaobarikiwa wanaitikia, ndipo anasema mwingine. Wasipoitikia hana pa kukanyaga.

Alianza vizuri. Alitoa ile sauti yake ya mikutano, nami nikasimama mlangoni kusikiliza. Akasema mstari wa kwanza, akanyamaza kuwasubiri. Simu nilikuwa nimeichomeka kwenye sabufa, na kilichotoka humo kilikuwa mngurumo mtupu, vioo vya dirisha vikatetemeka. Akasema wa pili. Mngurumo. Wa tatu akauachia katikati, akanigeukia.

"Fransi, huko wanatwanga?"

Nikamwambia hapana Baba, ndio watu wako wanaitikia. Akasikiliza tena kidogo. Akasema, "Mimi siwezi kubariki kinu." Akainuka, akaenda kulala mchana ule ule na koti lake mwilini. Ninyi mlidhani simu imekatika, mkaendelea na pilau.

Lakini kwake yeye halikuisha pale. Anasema ameianza safari ya mtoto akamwacha njiani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa kimya. Walikuja wazee wa Hirbadaw kumwomba awafungie kikao chao kwa baraka, akawaambia wakatafute mtu mwenye masikio. Baba huyu huyu, Felician, ambaye zamani vikao vilikuwa havifungwi mpaka yeye afike. Niliwapa wageni uji, wakaondoka wakiinamisha vichwa, nami nikaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka nilipopata nguvu ya kurudi ndani.

Najua utauliza kwa nini tusimrekodi tukawatumia. Nilimshauri hivyo. Akaniuliza, "Nikirekodiwa ninaongea na nani?" Simu ya kushika sikioni nayo inamfaa kwa mtu mmoja, wakiwa kundi anasikia zogo tu. Na kile kifaa cha masikio tulichopewa hospitali kinapiga mluzi, anasema ni kama amefuga kifaranga kichwani. Kiko kwenye kopo la sukari.

Basi nikageuka fundi. Wewe ulinitumia maelezo kwa sauti, kila moja refu kuliko mahubiri ya Kwaresima, ukinitajia mambo uliyoyasoma kwenye mtandao. Fundi wa kweli aliyekuja kutoka Katesh akaiangalia sabufa, akaniangalia mimi, akasema dawa yake ni kununua kubwa zaidi. Nilimpa chai nikamsindikiza.

Mwanzo wa nafuu ulikuja siku ya kufua. Nilivivua vile vitambaa nikaviloweka, na Judica akawasha redio ya sabufa atusikilizishe taarifa ya habari. Msomaji akasikika ana meno mdomoni. Maneno yalikuwa yanatoka na ncha zake, si yale yaliyopondeka tuliyoyazoea. Felician, maua yangu ndiyo yalikuwa yanaziba sauti! Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikaniishia, nikabaki nalitazama beseni. Masika yote nilikuwa nafuma kizibo.

Sijavirudisha. Vumbi nalifuta kwa mkono kila asubuhi, kazi nyingine hiyo imeongezeka.

Halafu nikaziteremsha zile spika ndogo. Baba anakaa kwenye kigoda, chini kabisa, na sauti ilikuwa inampita juu ya kichwa inakwenda kuongea na bati. Nikaziweka juu ya stuli, moja huku na moja huku, zimeelekea masikio yake. Judica alininunia siku nzima, maana kigangoni ziko juu. Nikamwambia kigangoni watu wanasimama.

Boksi kubwa nikaliondoa kwenye kona. Ukilisukuma ukutani linakuza ule mngurumo, ukilivuta katikati linatulia kidogo. Besi nayo nikaipunguza mpaka karibu na mwisho. Mzee Gidahosh, rafiki yake Baba wa kupeana ng'ombe, alikuwa amekuja kutoka Balangdalalu siku hiyo, akasema, "Bora mmelitoa pembeni. Lilikuwa linalia kama dume lililofungiwa zizini." Baba hakumsikia, ikabidi arudie kwa kupiga kelele, na kelele za Gidahosh ndizo zilizomchekesha, si maneno.

Lakini bado maneno yalikuwa yanapandana. Usikasirike nikikwambia kosa lilikuwa la nyumba. Umemjengea Baba nyumba nzuri, ya tofali, vigae chini, madirisha makubwa, na kila anayepita anaisifia. Ila sauti ikitoka inagonga ukuta inarudi, inagonga na vigae, "amina" moja unaisikia mara tatu. Nilitundika mablanketi ukutani. Baba akauliza ni nani anafukizwa. Nikayashusha, mikono yote inauma, nikasema moyoni, hapa nimefika mwisho wangu.

Ndipo upepo ukaezua paa la ghala. Hilo sikukwambia, kwa sababu kila nikikwambia kitu unataka kutuma fundi. Mahindi yalikuwa yameshapukuchuliwa, mawingu yanajikusanya, ikabidi magunia yote yaingie sebuleni. Tuliyapanga kuzunguka kuta zote mpaka usawa wa madirisha, na nyuma ya kigoda cha Baba tukayapandisha zaidi. Nilikasirika. Nyumba ikanuka dawa ya wadudu, pa kupita pakabaki pembamba, nikawa najigonga kila nikibeba chai.

Jumapili nikawasha redio Baba asikilize misa. Kila neno likasimama peke yake. Nikazima, nikawasha tena. Nikapiga makofi katikati ya sebule, kofi likaishia pale pale. Yale magunia yalikuwa yanameza mwangwi wote! Baba akainua kichwa kwenye kigoda chake, akasikiliza kwa muda, akasema, "Huyu padri anasoma haraka. Ana njaa." Na kweli padri alikuwa anakimbiza somo. Tangu siku ya pete sikuwa nimemsikia Baba akimsengenya mtu, nikajua anapona.

Wanunuzi wamepita na malori yao, wamenibembeleza, nimewaambia magunia hayatoki sebuleni mpaka Irene aolewe. Wanaondoka wakitikisa vichwa. Nadhani huko barabarani wananiita mwendawazimu, na mimi sina nguvu ya kuwafuata kuwaeleza.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Jumapili iliyopita tuliwapigia, nami nikaichomeka simu kwenye sabufa kwa ule waya. Irene alikuwa amewakusanya Hilda, ndugu yetu Nikolausi na wale vijana wetu wa Mbulu wanaofanya kazi huko, na alisema na wewe upo. Baba hakutoa slufay yenyewe, hiyo ameiweka kwa ajili ya harusi. Alitoa mistari michache ya kujaribu. Akasema, wakaitikia, na safari hii akawasikia. Laiti ungemwona. Uso ulifunguka. Akaanza kuwataja kwa kidole akiielekea spika kana kwamba wamekaa ndani yake. Huyu Nikolausi, anameza mwisho wa maneno kama marehemu baba yake. Huyu Irene, anaitikia kama mgeni aliyekariri, lakini anaitikia. Huyu mke wa Felician, anachelewa, ila anatoa kwa moyo. Gidahosh alikuwa anapiga mapaja kwa furaha.

Kisha Baba akainamisha kichwa upande. Akasema mstari mwingine, akasubiri. Akasema mwingine, akasubiri.

"Felician yuko wapi?"

Nikasema ni mtandao, Baba.

"Mtandao umewaleta wote, umemwacha yeye?"

Nilikwenda jikoni kuangalia chai ambayo sikuwa nimeibandika.

Jioni nilimwandikia Irene ujumbe nikimuuliza. Alisita, nami nikambana, usimkasirikie mtoto. Akaniambia kwamba kila Babu akianza kuongea, wewe hutoka nje. Unakwenda kusimama nyuma ya tanki la maji mpaka simu iishe. Mara moja alikufuata, akakukuta unafuta macho, ukamwambia huwezi kuisikiliza sauti ya Babu ilivyopungua.

Hii ndiyo sababu ya karatasi. Simu yangu sasa inaongea kupitia sabufa, na Baba anasikia kila kitu. Nikitoka nayo nje kunong'ona anauliza ni siri gani. Ukinijibu kwa sauti atakusikia na wewe, na haya hayaenei kwenye ujumbe wa kuandika. Sijamwambia aliyoniambia Irene, na sitamwambia. Baba alikuwa anadhani ni mngurumo unaomficha mtoto wake. Sasa mngurumo umeisha na mtoto bado haonekani, na ananiangalia mimi.

Felician, nimechoka. Sikusemi vibaya. Najua unampenda, mtu asiyempenda baba yake hamjengei nyumba wala hasimami nyuma ya tanki akilia. Lakini sauti hiyo unayoikimbia mara moja kwa mwezi, mimi ndiyo inayoniamsha. Inaniita nipeleke maji. Inauliza kama ng'ombe wameingia, na nikijibu inauliza tena. Nimeisikia ikipungua kidogo kidogo, kama unavyoona mfuko wa chumvi ukipungua, hujui ni siku gani hasa. Tangu nilipofiwa na mume wangu nikarudi hapa, sijapata tanki la kusimama nyuma yake. Nami naumia. Naumia huku natafuta funguo za zizi.

Imepungua, ni kweli, sitakudanganya. Ila bado ni yake. Bado ina ukali wake na utani wake, na bado inakutafuta kwa jina. Na tuambizane ukweli ulio wazi, kwamba harusi nyingine ya mtoto wako sidhani kama ataifikia.

Kwa hiyo sikiliza ya siku ya harusi. Baba aongee kabla muziki haujaanza. Mwambie mshereheshaji wenu azime maspika yake makubwa wakati huo, vinginevyo sauti ya Baba itarudi huku kwake ikipiga mluzi naye ataacha. Simu iwe mezani katikati ya watu, si mkononi mwa mtu anayetembeatembea, na meza iwe na kitambaa, vyombo visigonge karibu yake. Waitikie kwa pamoja, wasigombanie. Sauti inachelewa kidogo kufika, hilo nimemweleza Baba, amekubali kusubiri. Huku nitaifunga milango, kuku nitawafungia, na Gidahosh ameapa hatapiga kelele.

Na wewe kaa mbele ya simu. Usisimame mlangoni, kaa mbele. Kama lugha imekukauka, au koo likikubana, usitafute maneno. Kohoa tu. Ulikohoa utoto wako wote usiku na mchana, Baba akikubeba mgongoni kukupeleka zahanati, hawezi kukikosea kikohozi chako. Atakutambua, na ataendelea mpaka mwisho. Asipokusikia kabisa, namjua, atasimama kwenye mstari huo huo akikusubiri mbele ya watu wote, na mimi sitakuwa na uongo mwingine wa kumpa.

Msalimie Hilda, mwambie Baba amemsifia. Msalimie Nikolausi na vijana wa Mbulu, na umbusu Irene. Judica anakusalimu na ameshasahau kununa. Mzee Gidahosh anauliza lini utakuja kuona madume yake. Baba hajui kama naandika, kwa hiyo salamu zake sizitungi, utazipokea mwenyewe siku ile.

Mungu awafikishe salama kwenye furaha ya Irene, awape afya ninyi wa huko na sisi wa huku, na wewe akupe miguu isiyokimbia.

Dada yako akupendaye, aliyechoka na bado yupo,

Fransiska